OMSCS ya Georgia Tech: ada ya kawaida, msuli wake usipime

Wadau wengi wananiuliza inboksi kuhusu hii masta ya kompyuta ninayosoma nikiwa hapahapa Dar, eti ni cheti cha kweli au ni vile vya kulipia tu, basi ngoja niandike mara moja wote msome. Inaitwa OMSCS, ya chuo cha Georgia Tech kule Atlanta, Marekani, ilianza Januari 2014 na unasoma yote mtandaoni. Cheti ni kilekile wanachopewa waliokaa darasani Atlanta, hakijaandikwa popote kwamba ulisomea mtandaoni.

Ada nzima ni kama dola 7,000, yaani milioni 17 au 18 hivi kutegemea dola imeamkaje, na unalipa muhula kwa muhula kwa hiyo huuzi kiwanja. Mgeni akienda kusoma kulekule chuoni inapita 40,000.

Na hapa lazima nimtaje Zvi Galil, mkuu wa kitivo cha kompyuta kuanzia 2010 hadi 2019, maana bila yeye nadhani hii kitu isingekuwa hivi. Vyuo vingi kozi ya mtandaoni wanaiuza ghali kwa wenye hela zao halafu mitihani inalegezwa ili mteja asinune, yeye alishusha bei, kila mwenye sifa akaruhusiwa kuingia bila kuhesabu viti, halafu ugumu wa masomo ukaachwa palepale. AT&T (kampuni ya simu ya Marekani) walitoa dola milioni 2 za kuanzia na Udacity, kampuni ya kozi za mtandaoni, wakasaidia kutengeneza video, sawa, ila pesa na video hata vyuo vyetu vinaweza kupata, kinachokosekana ni mkuu wa kitivo mwenye moyo wa kusema bei ishuke na kiwango kibaki. Natamani sana huku kwetu tumpate wa hivyo.

Upande wa AI (akili bandia) ndio unanifurahisha zaidi. Kuna kozi inaitwa KBAI, yaani akili bandia inayotumia maarifa, ya Ashok Goel na David Joyner, kwa miaka mingi kazi yake kubwa ilikuwa kuandika programu inayofumbua mafumbo ya picha ya kupima akili, yale ya Raven. Mwaka 2016 Goel alimwingiza Jill Watson kati ya wasaidizi wa kufundisha, anajibu maswali ya wanafunzi kama wengine, kumbe ni programu, na wanafunzi wengi hawakujua mpaka mwisho wa muhula! Jamani hiyo ndiyo kufundisha AI kwa vitendo, maswali yalikuwa yanawazidi wasaidizi, kitivo kikamwacha profesa ajaribu dawa kwenye darasa lake mwenyewe.

Sasa ugumu. Kozi ni 10, na ndani ya mwaka wa kwanza uwe umepata B au zaidi kwenye kozi mbili za msingi. Kama unafanya kazi chukua kozi moja tu kwa muhula, wikendi uisahau. GIOS ile ya mifumo endeshi usiiguse kabla hujaijua lugha ya C vizuri, na wanafunzi wapya mnajisajili mwisho kwa hiyo kozi zinazogombewa mtakuta zimejaa, chukua nyingine usonge mbele. Kozi kadhaa dedilaini yake ni Jumapili usiku kwa saa za mwisho kabisa duniani, kwetu inaangukia Jumatatu saa tisa kasoro dakika moja mchana, hiyo asubuhi ya ziada inaokoa watu. Mitihani unafanya huku kamera inakutazama, kwa hiyo andaa betri na bando la akiba mapema.

Mimi naipa nyota tano na siipunguzi. Wanaingiza watu Januari na Agosti, mtihani wa GRE wa kuombea masta Marekani hawautaki, ila wanataka barua tatu za watu wanaokufahamu, na malekchara wetu mnavyowajua, anzeni kuwakumbusha leo.