Kliniki ya figo jirani na Kabwe, Mbeya: kikopo cha mkojo kabla hujakaa

Nawaandikia wenzangu wa nyanda za juu tuliopandikizwa figo, maana huku kila swali jibu lake ni "nenda Dar" au "nenda Dodoma". Kwa upasuaji sina ubishi: Muhimbili ya Dar walianza kupandikiza mwaka 2017, hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma 2018. Ila ukisharudi Tukuyu na figo ya dada yako tumboni, unataka mtu wa karibu wa kukuangalia.

Mimi nakwenda ile kliniki binafsi ya ghorofani, yenye geti la bluu.

Ugonjwa wangu ni ule wa IgA, aina mojawapo ya antibodi, yaani askari wa kinga ya mwili. Antibodi za kunilinda mimi zinanasa kwenye vichujio vya figo na kuviharibu polepole. Ndugu zangu walidhani figo mpya ikiingia ugonjwa umekwisha. Haujaisha, kwa sababu antibodi zenye kasoro hazitengenezwi na figo, zinatoka kwenye kinga ya mwili, na zinaweza kuifuata hata figo ya dada. Dokta alinieleza bila kunitisha: wengi wetu figo hudumu miaka mingi, na ugonjwa ukirudi kwa kawaida huja taratibu. Mara nyingi huanza kuonekana kwenye mkojo, protini na damu, wakati kreatinini, ule uchafu wa damu unaochujwa na figo, bado inasoma vizuri. Kuwa na uhakika ni mpaka wachukue kinyama cha figo wakiangalie kwa darubini.

Sasa mtaelewa kwa nini nasifia kikopo. Nilikokuwa nikienda mwanzo walitoa damu, wakasoma kreatinini, "uko vizuri, baba", kwaheri. Hapa sista anakupa kikopo hata hujakaa, na hawaishii kwenye kile kijiti cha rangi. Wanapima uwiano wa protini na kreatinini, kisha dokta anauweka pembeni ya ule wa safari iliyopita uone mwenyewe unaelekea wapi. Presha wanasubiri upumzike kwanza. Mtu aliyetoka kupanda ngazi zile na sweta mbili anastahili hivyo.

Siku ya kupima kiwango cha takrolimusi, dawa yetu ya kushusha kinga ili mwili usiikatae figo, damu hutolewa kabla ya dozi ya asubuhi, kwa hiyo wa mbali wanatangulizwa bila kuulizwa. Sista huyohuyo alimwona mama mmoja ana balungi kwenye kikapu, akamwambia, "Mama, hilo mpelekee jirani", kwa sababu balungi hupandisha dawa hiyo kwenye damu. Diklofenaki ya kununua dukani, ile ya maumivu inayoweza kuumiza figo, nayo anaikemea, na hapo hana utani.

Kasoro zipo. Sampuli ya takrolimusi inasafirishwa Dar, na majibu usipoyafuatilia kwa simu yanalala. Bei yake inauma. Kinachonikera zaidi ni benchi moja la kungojea, sisi tulioshushwa kinga tumebanana na wanaokohoa, na Julai ya Mbeya mnaijua, dirisha hakuna anayetaka lifunguliwe. Nimewaambia. Wameahidi kututengea chumba, bado sijakiona.

Nawapa nne kati ya tano. Nendeni Jumanne, Ijumaa foleni inafika hadi kwenye ngazi. Na muombe nakala ya majibu, wanatoa bure.