Mvua au mafuta? Usiku wa sauti na picha Bagamoyo

Mimi ni fundi redio hapa Bagamoyo, huu mwaka wa 19, na kazi yangu kubwa ni kuondoa mikwaruzo kwenye spika za watu. Jumamosi nililipa shilingi 10,000 kwenda kuisikiliza mikwaruzo yenyewe, na nikiitwa tena nakwenda.

Onyesho lilikuwa kwenye ukumbi mdogo wa kukodi karibu na ufukwe. Msanii ni binti mmoja, kompyuta yake, mikseri, spika nne kwenye pembe za ukumbi na shuka jeupe la kuonyeshea picha. Mwimbaji hakuna, mdundo wa kuchezea hakuna. Sauti zote amezirekodi hapahapa mjini, akazikata, akazirefusha, akazipandanisha, na picha zinapita kwenye shuka. Nilikwenda na Mama, ambaye anakaanga samaki pale sokoni ufukweni tangu sijaanza shule.

Kipande cha pili ndicho kilichonifanya niandike. Kwenye shuka tuliona mvua ikipiga bati na maji yakichuruzika kutoka kwenye makuti. Spika zikamwaga ile chwaaa nzito, kwanza nyuma yetu, halafu ikazunguka hadi mbele. Mzee mmoja aliinua kichwa kutazama paa. Dada wa pembeni yangu alijifunika kanga mabegani. Mimi mwenyewe, na masikio yangu haya ya kazi, nilisikia mvua. Mama akaniinamia: "Hiyo si mvua, mwanangu. Hayo mafuta. Tena hayajapata moto, mtu kaweka samaki mapema."

Nikamwomba anyamaze. Lakini taa zilipowashwa alikwenda moja kwa moja hadi kwenye meza ya binti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ile mvua yako uliichukua kwenye karai la nani?"

Binti alimshika Mama mikono yote miwili. Akasema ni kweli, alirekodi sokoni jioni, kibua wa kwanza kuingia karaini, jiko halijakolea. Ukumbi mzima ulisikia mvua kwa sababu macho yaliona mvua. Mama peke yake alisikia karai.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1976 wanasaikolojia Harry McGurk na John MacDonald, huko Uingereza, walieleza jinsi mtu anavyoonyeshwa midomo inayotamka "ga" huku sauti ikisema "ba", naye akasikia "da". Hata ukiujua mchezo wenyewe, bado unaweza kusikia "da". Lile lilikuwa la matamshi na hili la mafuta, lakini yote ni jicho kulisemea sikio. Ninachompongezea binti huyu ni kwamba hakuja kutushangaza na mashine. Alichukua sauti tunayoipita kila siku tukiwa na njaa, akatufanya tuisikie.

Kijana mmoja nyuma yetu alisema kwa sauti kwamba huu ni uzungu tu. Ndugu yangu, hapana. Mwaka 1944, Cairo, Mmisri Halim El-Dabh alirekodi shughuli ya zar, ya kutuliza pepo, kwa mashine iliyonasa sauti kwenye waya, halafu akaigeuzageuza studio. Ilikuwa miaka 4 kabla ya Mfaransa Pierre Schaeffer, ambaye wengi humtaja kuwa mwanzilishi wa muziki wa namna hii, kutoa kazi yake ya sauti za treni kule Paris. Ngoma za pepo mtu wa pwani hafundishwi na mgeni. Na mji huu una chuo cha sanaa tangu 1981, ambacho leo ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Masikio yetu yamezoea mengi kuliko tunavyojidai.

Sasa kasoro, maana zipo. Tuliambiwa saa moja na nusu, tukaanza saa mbili na robo bila neno la samahani. Projekta iliwekwa katikati ya watu na kifeni chake kinanguruma, kwa hiyo sehemu za kimya, ambazo binti amezipanga kwa makusudi, ziliharibika kabisa kwa waliokaa safu ya nne na ya tano. Besi ilizidishwa, kuta za ukumbi ni tupu, sauti nene inagonga na kurudi.

Kubwa zaidi ni kipande cha fundi anayekalafati jahazi. Nyundo inaonekana karibu kabisa, unahesabu hadi vinyweleo vya mkono wake, lakini mlio unakuja umechelewa. Ukisimama ufukweni mita 170 kutoka kwa fundi, kuchelewa nusu sekunde ni haki, sauti ndivyo inavyosafiri. Mkono ukiwa puani kwako, macho na masikio yanagombana na unabaki kutazama kosa. Nilimuuliza, akakiri kompyuta ilizidiwa. Nimejitolea kwenda kumwekea sawa, bure.

Wanarudia Ijumaa, mahali palepale. Kaa safu ya pili, upande wa kushoto, mbali na projekta. Mama anakwenda na wenzake watatu wa karaini, na ameniagiza niulize kama wajukuu wanalipa nusu.