Kozi ya video kuhusu prioni na ubongo: naipa nyota nne

Hii kozi ya prioni, yaani protini zilizokunjika vibaya zinazoharibu ubongo, nimeimaliza na naipendekeza kabisa, hasa kwa mtu anayeuguza ndugu mwenye ugonjwa wa ubongo na amechoka kusoma vitu vya kutisha tu.

Kilichonipendeza zaidi, mwalimu haanzi na ugonjwa. Anaanza na protini yenyewe ikiwa nzima, ile PrP (protini ya prioni) ambayo sote tunayo, jeni yake PRNP iko kwenye kromosomu ya 20, protini imejishikiza nje ya seli za neva na inanasa shaba, sasa kazi yake ni nini hasa? Ndo anakupeleka kwa wale panya wa 1992 walioondolewa hiyo jeni, ungetegemea wafe lakini wapi, walizaliwa wakakua vizuri, ila uzeeni ile ala ya mafuta inayofunika neva za mwilini inaharibika. Na mwaka uliofuata ikaonekana ukiwadunga prioni hawaugui! Yaani bila PrP ya kawaida, prioni haina cha kugeuza. Hicho kipande nimekirudia sana, maana ndo msingi wa dawa zinazojaribiwa sasa hivi za kupunguza PrP kwenye ubongo.

Upande wa ugonjwa pia kaueleza vizuri, protini inakunjika vibaya halafu inalazimisha na za jirani zikunjike hivyohivyo, mwanasayansi Stanley Prusiner alilisema hilo 1982 watu wakambishia na Nobeli akapewa 1997. Creutzfeldt-Jakob, ugonjwa wa prioni wa binadamu, inapata kama mtu mmoja au wawili kwa kila milioni kwa mwaka, wengi bila chanzo kujulikana, na anasema wazi kwamba kumlisha, kumwogesha au kumkumbatia mgonjwa hakuambukizi. Asante sana kwa hilo, familia nyingi zinaogopa bure.

Nyota moja nimeibakisha kwa sababu kuru (ugonjwa wa prioni wa Papua New Guinea) na kichaa cha ng'ombe cha Uingereza vimepewa muda mrefu mno, wakati RT-QuIC, kipimo cha kutambua prioni kwa mgonjwa, kimepitiwa harakaharaka. Jamani hicho ndo mtu mwenye mgonjwa anakitaka! Wanachukua maji ya uti wa mgongo, wanachanganya na PrP iliyotengenezwa maabara, wanatikisatikisa waone kama itaanza kugandamana. Daktari akishuku prioni lazima pia aangalie magonjwa yanayofanana nayo lakini yana tiba, kama ubongo kuvimba kwa kushambuliwa na kinga ya mwili yenyewe, na hilo kwenye kozi halipo kabisa. Waliongezee somo.