Maikroskopu ya 20x na 40x: kwa minyoo ya mchanga wa bahari, mimi naipa alama za juu

Hii ya macho mawili nilichukua duka moja karibu na Oginga Odinga Street hapa Kisumu, 18,500 baada ya kuongea bei kiasi, na nimekaa nayo miezi minne kwa hivyo naongea kitu naijua. Kazi yangu ni polikiti, ile minyoo midogo ya pingili inakaa kwa mchanga wa bahari maji yakipwa. Ziwa letu halina hiyo kupwa na kujaa, so rafiki yangu wa Pwani ndio hunichotea Gazi, anachekecha na chujio ya milimita 0.5 halafu ananitumia kwa vichupa.

Sasa kitu imenifurahisha kabisa ni taa ya chini. Mnyoo wa familia ya Syllidae ni milimita chache tu, na ukiwasha taa ya juu unaona kauzi keupe basi, lakini washa ya chini mwanga upite ndani ya mwili, hapo nyuma ya koo unaona sehemu ya misuli imekaa kama pipa dogo, ukishaiona hiyo umemjua. Siku ya kwanza nilimuita mama watoto aje aone, akakaa hapo nusu saa! Nereididae nao macho manne yanatokea poa hata kwa 20x. Spionidae wana viguso viwili virefu kichwani, ila hukatika haraka sana kwa hivyo ukikosa kuviona usimtoe kwa hiyo familia bado.

Shida iko. Itakufikisha kwa familia, saa zingine jenasi, lakini spishi mara nyingi inataka uone umbo la vinywele vya ubavuni na hiyo ni kazi ya maikroskopu ya slaidi, 400x hivi. Skrubu ya kufokasi nayo ililegea mwezi wa pili, fundi wa Kibuye akaikaza kwa 200 na imeshika.

Zile za kuchomeka kwa laptopu zimeandikwa 1000x achana nazo, hiyo ni picha kuvutwa tu kwa skrini, ukikuza unapata ukungu. Na mwambie anayekuchotea alaze minyoo usingizi kwanza kwa magnesiamu kloridi ya asilimia 7 hivi kabla ya kuitia fomalini, ile dawa ya kuhifadhi, la sivyo inajikunja na kukatika katika na hapo hakuna lensi itakusaidia.

Mzigo mwingine wa Gazi unafika Ijumaa, nitaongeza picha.