Eti nimekitafuna! Mashine ya kunyonya ulimi na kijana wa kaunta

Natangulia kusema kuwa mashine yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na waliouza, hasa yule kijana wa kaunta kule Dar, na nikimkumbuka hata yale mema ya mashine natamani niyafute.

Kwa asiyeijua: ni kipampu kidogo cha kuweka karibu na mto, cha watu wanaokoroma na kukatika pumzi usingizini, kina mpira mwembamba unaokwenda mpaka kwenye kidude laini cha mdomoni. Unafumba midomo, unawasha, hewa iliyomo mdomoni inanyonywa polepole. Ulimi na kaakaa laini, lile la nyuma lenye kimio, vinavutwa mbele, koo linabaki wazi, nawe unapumua kwa pua. Ipo nyengine ya tatizo hili hili, unaivaa barakoa puani; hiyo inafanya kinyume chake, yaani inasukuma hewa kwa nguvu ili koo lisizibe. Ya barakoa ndiyo kongwe, aliianzisha daktari Colin Sullivan kule Sydney, 1981, na mpaka leo madaktari wengi ndiyo wanayoanza nayo. Nami nilianzishiwa hiyo nilipokuwa kwa dada yangu Maskati. Ndiko nilikopimwa usingizi nikaambiwa pumzi zangu zinakatika au kupungua mara 19 kwa saa, daraja la kati. Barakoa ilinishinda usiku ule ule. Nilijiona kama nimetoa kichwa dirishani mwa daladala inayokwenda mbio. Na kwetu Pemba, hata baada ya kuunganishwa na ule waya wa baharini kutoka Tanga mwaka 2010, umeme ukiamua kuzimika unazimika. Hii ya kunyonya ina betri, mchana unaichaji, usiku hujali.

Sasa nieleze kwa nini ilinifurahisha, maana wanaume hawatafahamu. Mwanamke kukoroma kwetu ni siri ya ndani. Arusini tunalala wanawake chumba kizima, mikeka imepangana ukuta hadi ukuta, na mie miaka yote nilikuwa nakaa macho mpaka adhana ya alfajiri, najisingizia kuangalia masufuria. Arusi ya mtoto wa kaka yangu kule Wete nililala. Nililala wallahi! Nilijifunika mtandio usoni, pampu nimeificha chini ya mto, na hakuna aliyeuliza kitu. Asubuhi matone ya mate yamejipanga ndani ya mpira mpaka kwenye kile kikopo chake, nikakimwaga na kukiosha kabla ya wenzangu hawajaamka. Si kazi ya kupendeza, lakini kichwa kilikuwa chepesi, sikusinzia hata kwenye maulidi ya jioni.

Kabla ya Ramadhani iliyopita kile kidude cha mdomoni kikapasuka, pale kwenye ukingo unaokaa nyuma ya midomo. Mpasuko mdogo, lakini hewa ikishavuja mvuto haushiki tena. Pampu inahangaika, inafyonza ovyo usiku kucha, na mzee wangu akarejea kulala ukumbini. Nikapiga simu dukani, haipokelewi. Nikatuma ujumbe, tiki mbili za buluu, kimya. Basi nikafunga safari: boti kutoka Mkoani, nikalala Unguja, asubuhi boti nyengine mpaka Dar.

Duka zuri, baridi la kutetemesha, viti vya kuzunguka. Yule kijana hata salamu hakuniitikia vizuri. Nikafungua kitambaa nikamwekea kidude mezani. Hakukishika. Alichukua kalamu ya wino akakigeuza kwa ncha, upande huu, upande huu, pua kaikunja.

"Mama, hiki umekitafuna."

"Nimekitafuna?"

"Ndiyo. Watu wazima wengi wanatafuna wakiwa usingizini. Hapo waranti haihusiki."

Mwanangu, nikamwambia, magego yangu ya chini yameng'olewa yote na ya juu ni ya bandia, usiku nayavua. Nitatafuna kwa nini, kwa ufizi? Unadhani aliona haya? Akamgeukia mwenzake wa stoo akapaza sauti: "We, njoo umsikilize huyu mama wa Pemba, anayekoroma!" Na benchini wamekaa wanaume wanangojea mashine za presha. Mmoja alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni. Siri niliyoificha arusi zote hizo, kijana wa kaunta anaitangaza bure mbele ya watu.

Kidude peke yake eti hakiuzwi, ninunue seti nzima. Vya kubadilishia vitakuja "mzigo ukija". Mzigo gani, lini, hajui. Kitu cha mpira laini kinachokaa mdomoni kila usiku lazima kitachakaa, mtu anauzaje mashine bila ya kuweka akiba yake? Nikachukua changu nikatoka.

Kwa hasira zile ningekwambieni msinunue kabisa. Na hoja ningezipata, maana tiba hii si ya kila mtu. Ipo mashine ya kunyonya kama hii yangu, Winx ya kampuni ya ApniCure ya California, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2012, ilifanyiwa utafiti uliochapishwa 2013 kwa watu 63: kukatika au kupungua kwa pumzi kwa mtu wa katikati yao kulishuka kutoka mara 27.5 kwa saa hadi 13.4. Yaani nusu. Nusu si kupona, na wapo ambao haikuwafaa. Yangu mie si hiyo, lakini kazi ni ile ile. Pua ikiziba kwa mafua ya kipupwe ndiyo basi tena, huwezi kufumba mdomo ukanyonywa na huku pua haipiti. Mate nayo yanakinaisha.

Lakini dada yangu akanitafutia vidude Maskati, akanitumia kwa msafiri, na tangu hapo nalala. Mzee wangu karudi chumbani. Sasa nitasemaje ni kitu kibaya?

Anayetaka na ajipime kwanza kwa daktari, kisha akifika dukani kabla ya kutoa pesa amwambie muuzaji alete vidude vya akiba viwekwe mezani, bei yake iandikwe kwenye risiti. Akianza habari za mzigo, toka. Jina la duka lile sitaji hapa. Na binti yangu ambaye naye ameanza kukoroma nitamnunulia hii hii, ila nitainunua Maskati.