Umejikata na wembe? Nunua hivi, kuanzia shabu

Ijumaa moja nilijikata chini ya kidevu, pale ngozi inapokunja kuelekea kooni. Nikanawa, nikavaa kanzu, nikadhani yamekwisha. Nafunga kishikizo cha shingo, naona tone jekundu limeshaingia kwenye darizi. Kidonda chenyewe hakikuzidi punje ya mchele. (Kama nawe yamekukuta, loweka nguo kwenye maji baridi, ya moto huigandisha damu kwenye nyuzi.) Tangu siku hiyo nimenunua karibu kila kinachouzwa kwa kazi hii, na hapa nimevipanga kuanzia ninachokiamini zaidi.

Lakini kabla hujatoa hela, jua kwamba kazi kubwa inafanywa na kidole chako. Suuza kwa maji baridi, weka kitambaa safi, bonyeza dakika 5 mfululizo. Usifunue kuchungulia, maana damu iliyoanza kuganda hubanduka na kitambaa, ukaanza upya. Ndiyo maana sipendi ule mtindo wa kubandika kipande cha tishu na kukiacha: hukauka pamoja na damu, ukikivuta kinaondoka na kigaga. Vitu ninavyovitaja hapa vinasaidia baada ya kubonyeza, si badala yake.

Namba moja ni jiwe la shabu. Ni ile ile ambayo watu hujipaka kwapani kuzuia harufu, na ambayo hutiwa kwenye maji ya matope ili tope litulie chini. Nguvu yake ni ukakasi. Aliyewahi kula bibo anajua ulimi unavyokaza. Shabu inafanya vivyo hivyo kwenye ngozi iliyokatika. Inagandisha protini za juu ya kidonda na kuvibana vile vimishipa vidogo vinavyovuja. Lowesha jiwe, lipitishe taratibu palipokatika, subiri dakika moja, kisha suuza. Litachoma kidogo, halafu litatulia.

Liulizie kwenye maduka ya dawa za asili na viungo. Chagua jeupe linalopitisha mwanga, lisilo na uchafu ndani. Vipande vilivyopasuliwa kwa nyundo huwa na ncha kali, na mtu anaweza kujikwaruza na dawa yenyewe, kwa hiyo kisugue kwanza chini ya bomba mpaka kingo ziwe butu. Madukani makubwa yapo pia mawe yaliyochongwa laini kabisa, bei juu kidogo. Nadhani ndevu za kila siku zinastahili hilo. Shabu ya unga siinunui kwa ajili ya vidonda, maana sina njia ya kujua imechanganywa na nini. Ukimaliza, likaushe jiwe na uliweke pakavu. La ukubwa wa kiberiti litakaa nawe miezi mingi.

Na jiwe ni la mtu mmoja. Hapa naomba tusioneane haya. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7, hata kwenye damu iliyokauka. Baba awe na lake, kijana awe na lake, kama ilivyo kwa wembe. Kwa kinyozi, ukiona jiwe limetoka shavuni kwa mteja mwingine linakuja kwako, kataa waziwazi.

Namba mbili ni kalamu ya kuzuia damu. Ni kijiti cheupe kama chaki, kimetengenezwa kwa shabu au dawa ya jamii yake. Unalowesha ncha, unagusa penyewe tu. Kwa kona ngumu, kama chini ya pua au kwenye kishimo cha mdomo, inalishinda jiwe. Imekuwa ya pili kwa sababu si kila duka la dawa linayo, inachoma zaidi, inaacha weupe unaotakiwa kufutwa, na ikianguka sakafuni huvunjika. Soma pakiti: zipo zenye nitrati ya fedha, ambayo hutia ngozi doa jeusi. Kwa usoni, hizo ziache.

Namba tatu ni plasta. Kidevuni hazishiki vizuri, kwa ndevu na jasho. Dada zangu wanaonyoa miguu ndio watafaidi zaidi, kwani mkato wa kwenye muundi hutoka damu kwa muda na plasta inakaa vizuri pale. Kaa, inua mguu, bonyeza, kisha bandika.

Mafuta ya mgando ni namba nne, na huenda tayari unayo. Yanaziba mkato mdogo ulioanza kutulia, na hayachomi. Chota kwa kidole safi, usirudishe chenye damu koponi.

Mwisho kabisa nimeiweka spiriti, ingawa ndiyo ya kwanza kupakwa saluni nyingi. Inaua vijidudu, lakini haizuii damu, na ngozi inabaki kavu na yenye kuwasha. Losheni za baada ya kunyoa zenye alkoholi nazo ni hivyo hivyo. Majivu, unga wa kahawa na dawa ya meno visiguse kidonda hata kidogo. Vinaingiza uchafu pale penye mlango wazi.

Kama unatumia dawa zinazochelewesha damu kuganda, kama warfarini au aspirini, au una himofilia (ugonjwa wa damu kutoganda vizuri), damu itachelewa kukoma, na mashine ya umeme itakufaa kuliko wembe. Ukibonyeza dakika 15 bila kuachia na bado inatoka, au mkato umepanuka mdomo, acha shabu mezani uende zahanati huku umebonyeza.