Uzoefu wangu na Laravel Sanctum kwenye API inayojitegemea: simu ikiibiwa unaikata palepale

Wakuu, kuna jamaa aliniuliza kama Sanctum (kifurushi cha Laravel, ile fremuweki ya PHP, kinachotambua watumiaji kwa tokeni, yaani ufunguo wa siri wa kila kifaa) inatosha kwa API ambayo haina kurasa hata moja, yaani seva inatema data tupu za JSON na watumiaji wote wako kwenye app ya simu. Mimi naitumia hivyohivyo kwenye mfumo wa oda wa duka la jumla, app ni ya Flutter, mawakala wanaingiza oda wakiwa mtaani, na jibu langu ni kwamba inatosha na chenji inabaki.

Kuifunga ni chap. Kuanzia Laravel 11 ya 2024 lile faili la routes/api.php haliji lenyewe, waliozoea matoleo ya zamani wanalitafuta mpaka wanachoka, kumbe unapiga php artisan install:api linakuja pamoja na Sanctum na jedwali la personal_access_tokens. Unaweka HasApiTokens kwenye modeli ya User, rauti unazifunga kwa auth:sanctum, imeisha hiyo. Ila login haikuandikii, hiyo ni juu yako: unapokea barua pepe, nywila na jina la kifaa, nywila ikikubali unaita createToken unamrudishia plainTextToken, app inaitunza na kuituma kwenye heda ya Authorization ikiwa na Bearer mbele. Mambo ya kuki na CSRF (kinga dhidi ya maombi ya kughushi) utakayoyakuta humo ni ya wenye website yao kwenye brauza, ww wa app ya simu yapite tu.

Kitu kinachokera mwanzoni, unapiga endipointi kwa Postman (app ya kujaribia API) bila tokeni ukitegemea 401, yaani hujatambuliwa, unaletewa 500, yaani hitilafu ya seva, imeandikwa Route [login] not defined. Hapo Laravel inakudhania brauza, inataka ikupeleke kwenye ukurasa wa login ambao huna. Weka Accept: application/json kwenye kila ombi, 401 yako inakuja safi.

Sasa tuje kwenye kilichonifanya nisiiache. Wakala mmoja aliibiwa simu kwenye daladala, bosi kanipigia kahamaki, bei zote za jumla zimo humo na mtu anaweza kuingiza oda za uongo. Nikafungua lile jedwali, kila tokeni ina jina la kifaa na last_used_at kwahiyo unaona kabisa ipi ni ya Tecno yake na mara ya mwisho imetumika saa ngapi, nikafuta ule mstari mmoja. Ombi lililofuata kutoka simu ile likajibiwa Unauthenticated, huku tableti yake ya nyumbani inaendelea kupiga kazi kama kawa. Ukiwa na JWT tupu (tokeni iliyosainiwa ambayo seva haiitunzi popote) hili linasumbua, sababu seva inaangalia sahihi na muda tu, tokeni ikishatoka iko hai mpaka muda wake uishe, labda ujenge orodha yako ya zilizopigwa marufuku, na ukishafika huko umerudi kwenye databesi uliyokuwa unaikimbia. Gharama ya Sanctum ni hiyo, kila ombi linagonga databesi, ila kwa mzigo wa mawakala wetu sijaona shida yoyote.

Na hata mtu akiiba bekapu ya databesi tokeni hazimsaidii, maana kinachohifadhiwa ni hashi ya SHA-256 (alama isiyogeuzwa kurudi kuwa tokeni), tokeni yenyewe inaonekana mara moja tu siku inatengenezwa. Mtumiaji akiipoteza haulizi, analogini upya.

Kuna mambo mawili ambayo ningependa wayabadilishe. Kwenye config/sanctum.php ile expiration inakuja null, maana yake tokeni haifi milele, lazima uweke mwenyewe na inahesabiwa kwa dakika, halafu upange sanctum:prune-expired iwe inafagia zilizokwisha. La pili, mtumiaji akibadilisha nywila tokeni zake za zamani zinaendelea kupeta, usipoandika $user->tokens()->delete() hapo basi aliyeiba bado yuko ndani. Hili wengi hawalijui aisee.

Mnaotumia hosting za bei chee angalieni na Apache (programu inayoendesha seva), kuna hosting moja ilikuwa inaikata heda ya Authorization njiani, tokeni sahihi kabisa ila kila ombi 401, laptop kwangu inakubali. Dawa ni ile mistari ya HTTP_AUTHORIZATION iliyomo kwenye .htaccess ya folda ya public, kwenye ile seva kuna mtu alikuwa ameiondoa, ikarudishwa mambo yakaenda.

Mimi naipa 4 kati ya 5. Kama API yako itaunganishwa na app za kampuni nyingine, zile za "ingia kwa akaunti ya fulani", hapo unataka OAuth2 kamili, chukua Passport (kifurushi kingine cha Laravel) na uandae muda wa kutosha kuielewa.